Ncha Iliyofungwa Jiweni

Nimestaafu, sijafa. Nalisema hili mapema kwa sababu juzi walinijia vijana wawili wa kampuni moja ya vipimo, viatu vya saiti miguuni, vipya, havijawahi kuonja tope. Wakaniamkia vizuri, "Shikamoo, babu," nikaitikia, mke wangu akawaletea chai. Kisha mmoja akatoa simu akanionyesha mistari ya rangi imejaa kwenye kioo.

"Babu, siku hizi hatuhangaiki kama nyie," akasema. "Ardhi ikisogea huku milimani, simu inalia, mimi niko zangu Tanga nakula chipsi."

Nikamuuliza swali moja tu. Ncha ya bomba mmeifunga wapi? Akamtazama mwenzake. Mwenzake akatazama chai yake. Mwishowe yule wa simu akasema, "Kwenye rejea, babu. Programu inaijua."

Programu inaijua! Nikamwomba mke wangu awaongezee mihogo, maana msomi wa kiwango hicho anahitaji kushiba kabla hajaambiwa ukweli. Wakala mihogo, wakasema wana ratiba, wakaondoka kabla sijafungua mdomo. Basi nawaandikia wao na wenzao wote wenye ratiba. Msome mkiwa hukohuko kwenye chipsi.

Kwanza mjue mnachokichunga. Hicho mnachokiita mfumo ni bomba la plastiki lililolazwa chini ya tuta la barabara, au chini ya tangi, au popote ambapo mtu ana wasiwasi kwamba ardhi itatitia. Ndani ya bomba kuna mifuo, mifereji myembamba iliyochongwa ukutani mwake, na katika mifuo hiyo hupita magurudumu madogo yaliyobeba vihisi, kimoja kimeungwa na kingine kwa fimbo, msururu mzima umelala humo gizani. Kwenye makaratasi inaitwa inklinometa ya kulala. Sisi tuliita nyoka. Kila kihisi kinajua jambo moja: fimbo yangu imeinama kiasi gani. Hakijui kiko juu au chini, wala hakijui kama kiko Lushoto au Bumbuli. Wewe ndiye unayejumlisha. Unaanza na ncha moja unayoamini haiendi popote, unaongeza mwinamo wa fimbo ya kwanza, unaongeza wa pili, unaongeza wa tatu, mpaka ncha ya mwisho, na hapo unapata umbo la ardhi aliyolalia nyoka. Ni hesabu ya shule ya msingi. Lakini yote imekalia ile ncha ya kwanza. Ncha ikishuka nawe hujui, unachochora ni uongo wenye rangi nzuri.

Aliyenifundisha haya ni Fundi Yohana, Mbena aliyekuja milima hii kuchuma chai upande wa Mponde, akachoka na chai, akaingia kwenye vipimo. Alikuwa mtu wa maneno machache na mengi kati ya hayo yalikuwa matusi. Neno lake kuu kazini lilikuwa "lala." Ukimaliza kulaza bomba kwenye mtaro, kabla ya kumwaga mchanga juu yake, Fundi Yohana anakuamuru ulale kifudifudi kwenye tope, uwashe tochi, utazame ndani ya bomba kutoka ncha hadi ncha. Mfuo mmoja lazima uwe juu kabisa na mwenzake chini kabisa. Bomba likijisokota kidogo tu njiani, magurudumu yanafuata msokoto, na kihisi kinaanza kupima kitu ambacho hakuna aliyekiuliza. Tuliokuwa na mashati meupe tulilalamika. Yeye alijibu kwamba ardhi haijali shati.

Alikuwa na mengine pia. Mchanga wa kulalia bomba upepetwe, maana kokoto moja chini ya bomba inatosha kulipinda, halafu mtakaa miezi mnajadili kokoto mkidhani mnajadili mlima. Na kamba ya kurudi isisahaulike. Ncha ya mbali ikiwa imezikwa, nyoka unamwingiza kwa kumvuta kwa kamba inayozunguka kapi huko mwisho. Kuna bwana mmoja, alikuwa na cheti kikubwa kuliko mlango wa nyumba yangu, alifukia ncha ya mbali, akasawazisha, wakashindilia tuta, wakapiga picha, ndipo akauliza nyoka ataingizwaje. Kamba ilikuwa kwenye gari. Imekunjwa vizuri sana, lazima nimpe sifa hiyo.

Na msidhani wananchi wako nyuma katika ujinga. Njia ya kwenda Lukozi tulikuta bomba letu limekatwa na kufungwa koki. Mkulima wa kabichi alikuwa ameona bomba jeupe linapita chini ya barabara kuelekea shambani kwake, akamshukuru Mungu, akatafuta msumeno. Tulipomuuliza, alikuwa amekasirika kuliko sisi. "Bomba gani hili halina maji?" akasema. "Serikali inatufanyia mzaha." Alikuwa ameshapanda miche akitegemea bomba lile, na alitaka tumlipe.

Lakini hayo ni ya kuchekesha. Ninalotaka mlijue ni la jiwe.

Kuna kitongoji kimoja, sitakitaja, ambako barabara inakatiza kwenye bonde dogo juu ya tuta. Chini ya tuta kuna nyumba, chini ya nyumba kuna bustani za karoti, hoho na viazi, na kati ya tuta na nyumba kulikuwa na jiwe kubwa kuliko nyumba yoyote ya pale. Kila kitu kitongojini kiliapiwa kwa jiwe lile. Mashauri yalisikilizwa pale. Mtu akitaka kusema hatabadili neno alisema, "Mpaka jiwe lihame." Mshenga wangu aliketi juu yake alipokwenda kuniposea mke wangu Mwanaidi, kwa sababu nyumba ya kwanza chini ya jiwe ndiyo ya mama yake, Bi Zuhura. Huyo ndiye mama mkwe wangu, na ndiye aliyekuwa akipanga zamu za maji ya mfereji kwa bustani zote za pale. Kwa hiyo mwenyekiti wa kitongoji alikuwa na muhuri, lakini neno lilikuwa la Bi Zuhura.

Sikuwepo walipolaza bomba chini ya tuta lile, nilikuwa kazi nyingine. Waliokuwepo walitafuta mahali imara pa kufunga ncha ya rejea. Wakawauliza wenyeji, wenyeji wakawaonyesha jiwe. Injinia akalipiga kwa nyundo, likalia vizuri. Wakatoboa, wakatia nondo, wakamwaga zege, wakafunga ncha. Mkataba ulisema kila mara vipimo vikisomwa, mtu apite na levo, ile darubini ya kupimia usawa wa ardhi, kuhakikisha ncha ya rejea haijashuka, akianzia kwenye alama ya zamani ya wapima ardhi iliyoko ng'ambo ya bonde, karibu na shule. Kupita na levo maana yake ni kushuka bonde zima na kulipanda tena umebeba miguu ya chuma begani. Walifanya mara ya kwanza, siku wageni walipokuja. Baada ya hapo ukiuliza unajibiwa kwa kicheko: jiwe liende wapi? Hata wasiokuwa Washambaa walikuwa wameanza kuliapia.

Nilipohamishiwa pale, injinia wa mradi alikuwa kijana anaitwa Lameck, mwenyeji wa Kagera, mpole, mwenye kupenda soda kuliko chakula. Akanionyesha grafu. Tangu vuli, upande wa juu wa tuta, ule ulioegemea mlima, ulikuwa ukipanda. Si kushuka. Kupanda. Polepole, lakini kila mwezi umepanda zaidi.

"Udongo wa mfinyanzi," Lameck akaniambia. "Ukinyonya maji unavimba."

"Uvimbe unyanyue barabara na malori ya viazi juu yake?"

"Inawezekana, mzee. Imeandikwa."

Mimi nikamwambia kwamba wamegeuza vihisi, kichwa kimekuwa mkia, ndiyo maana kushuka kunasomeka kupanda. Nilikuwa na uhakika kabisa, nikawasema waliofunga, mmoja mmoja kwa majina, na wazazi wao. Tukamvuta nyoka nje. Vihisi vyote vilikuwa vimeelekea kunakotakiwa, vimefungwa na mtu mwenye adabu ya kazi. Tukamrudisha. Grafu ikaendelea kupanda. Huko ofisini, bosi wetu akaamua lake: kifaa kibovu, agizeni kingine. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Kifaa kilikuwa kitu pekee pale ambacho hakikuwa kikidanganya, na ndicho kilichoandikiwa barua ya kufukuzwa.

Sasa upande wa pili wa ujinga. Bustani za mwisho zilianza kukosa maji. Mfereji ulipita kwenye tako la jiwe, ukazunguka, ukashuka mashambani, na ulifanya hivyo tangu enzi za mababu. Mwaka ule maji yakifika kwenye jiwe yalisita, yakajaa, yakamwagika pembeni. Watu wa kawaida wangeutazama mfereji. Watu wetu walitazamana. Kila mmoja alijua nani mwizi wa maji, na hakuna wawili waliomjua mwizi mmoja. Ndugu waliacha kusalimiana. Bi Zuhura alibadilisha zamu, akabadilisha tena, akaweka walinzi, na walinzi nao wakatuhumiwa. Karoti zilikauka huku watu wakiviziana.

Ikafika siku mwenyekiti akaitisha shauri, na mahali pa shauri ni wapi? Juu ya jiwe. Mimi na Lameck tulifika kuchukua vipimo tukawakuta wamejaa pale, wazee wamekaa juu, wengine wamesimama chini, kelele tupu. Kisanduku chetu cha kunasia vipimo kilikuwa kimefungwa ubavuni mwa jiwe, ikabidi tupenye. Lameck, kwa kukosa pa kukaa, akapanda akaketi na wazee, kompyuta mapajani. Mzee mmoja alikuwa akimnyooshea fimbo jirani yake na kumwambia ametia mawe kwenye mfereji ili maji yarudi nyuma.

"Yarudi nyuma?" Lameck akauliza. "Mzee wangu, samahani. Maji yanarudi nyuma?"

"Si unayaona?"

Lameck akainua macho akaangalia mfereji. Hapakuwa na mawe. Palikuwa na maji yamesimama mahali ambapo yalitakiwa kukimbia, na kingo zimeinamia kwenye jiwe. Akatazama kompyuta. Akatazama mfereji tena. Nilimwona midomo inakwenda, anajumlisha. Mimi nilikuwa naendelea kukebehi mkutano moyoni, sikuwa nimeelewa kitu, na haki yake nampa: yule kijana ndiye aliyeelewa. Akachukua namba zilezile za nyoka, akaanza kuzijumlisha kutoka ncha ya pili, ile ya mlimani, akiichukulia kwamba ndiyo iliyotulia. Grafu ikageuka mbele ya macho yangu. Upande wa mlima ulikuwa umelala palepale. Kilichokuwa kikienda chini, mwezi hadi mwezi, ni ncha iliyofungwa kwenye jiwe.

Lameck akafunga kompyuta. Akashuka kutoka juu ya jiwe taratibu sana, mguu mmoja, kisha mwingine, kama mtu aliyegundua kwamba amekalia mzinga wa nyuki. Aliponifikia akaninong'oneza, "Mzee, waambie watu washuke."

"Niwaambie nini?"

"Jiwe linatembea."

Mwe! Nendeni nanyi mkawaambie wazee wa Kishambaa walioketi juu ya jiwe la babu zao kwamba jiwe linatembea. Walicheka mpaka wakasahau maji. Mwenyekiti alisema afadhali mwizi wa maji, huyo angalau ana akili. Kesho yake tulibeba levo, tukashuka bonde, tukapanda, tukaanzia kwenye ile alama ya shuleni, tukarudia mara mbili kwa sababu Lameck hakutaka kuamini na mimi sikutaka apatie. Ikatoka ileile. Jiwe halikuwa na mizizi. Lilikuwa limezikwa nusu katika udongo mwekundu, na udongo wenyewe ulikuwa ukiteremka nalo, ukielekea nyumbani kwa mama mkwe wangu. Nyuma ya jiwe, chini ya majani ya magimbi, tulikuta ufa unaoingia mkono.

Masika yalikuwa yanakaribia. Lameck akaandika ripoti ya haraka. Jibu likaja kwamba imepokelewa na inafanyiwa kazi. Wilayani wakasema wataunda timu. Mwenyekiti akasema hawezi kuhamisha watu bila barua, na watu wakasema hawawezi kuhama bila Bi Zuhura. Kwa hiyo serikali, sayansi na kitongoji vyote vikawa vimekaa vinamsubiri mwanamke mmoja ambaye mimi, kwa desturi, siruhusiwi hata kumtazama usoni.

Nyie mliooa mjini hamuelewi. Kwa wazee wetu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawazoeani. Mkikutana njiani unapisha. Chakula chake unakula, lakini si mbele yake. Jikoni kwake huingii. Kulala chini ya paa moja naye ni aibu ambayo hata mlevi haifanyi. Tulipokwenda kumtembelea, mimi nililala kwa shemeji yangu kule juu, ng'ambo ya barabara. Hivyo nilikwenda kumsihi nikiwa nimesimama nje kwenye migomba, uso nimeuelekeza barabarani, na mke wangu Mwanaidi mlangoni akipokea maneno. Mama alikuwa ndani, ananisikia vizuri tu, lakini maneno yalipaswa kupita kwa binti yake kwanza.

"Mwambie mama, jiwe linashuka. Mvua zikianza halitangoja."

"Mama, anasema jiwe linashuka."

"Mwambie mume wako jiwe hili lilikuwepo kabla ya barabara yake. Kama kuna kinachotembea, ni barabara."

"Mwambie mama barabara si yangu."

"Mwambie basi mshahara wake unatoka wapi."

Nilimweleza habari za ncha. Nilimweleza ufa. Alijibu kwamba ufa ni wa panya. Nilimwambia tumepima kwa levo, akamwambia Mwanaidi aniulize lini nimeanza kuwa mganga. Mwisho akasema maneno ambayo Mwanaidi alishindwa kuyarudia, ikabidi niyapokee moja kwa moja: amezalia watoto saba chini ya jiwe lile na mume wake amezikwa pembeni yake, na atakayemtoa hapo ni Mungu. Nikaondoka. Niliogopa, na nililia njiani, kwa sababu nilikuwa na namba zote za dunia hii na hazikuwa na thamani ya ganda la ndizi.

Sasa hapa ndipo vijana wa simu mnapokomea. Simu imelia, mmetuma ujumbe, mmepata alama ya kwamba umesomwa. Kazi imekwisha, turudi kwenye chipsi.

Kambini nilikuwa na godoro la sponji nililolilalia tangu nianze mradi ule, limebonyea katikati. Mvua za kwanza zilipoanza kunyesha, asubuhi nililikunja, nikalifunga kamba, nikajitwika kichwani, nikapita nalo katikati ya kitongoji. Watoto wakanifuata. Nikafika kwa Bi Zuhura, nikapiga hodi, sikungoja jibu. Nikaingia sebuleni, nikasogeza stuli, nikatandika godoro langu, nikavua viatu, nikajilaza.

Bi Zuhura akatoka jikoni kuona ni nani. Alichokiona kwanza ni soksi zangu. Akajifunika uso kwa kanga, akarudi kinyumenyume mpaka uani.

"Mwanaidi! Mwanaidi! Mume wako amerukwa na akili!"

Mimi na Mwanaidi tulikuwa tumeshakubaliana. Akasimama kati ya mlango na ua, akasema kwa sauti ya kusikika nyumba zote, "Mama, anasema amehamia hapa. Anasema atalala hapa mpaka masika yaishe."

Nikasikia sufuria zikigongana uani. Bi Zuhura alikaa nje mchana kutwa, chini ya mwavuli, akinitukana kwa Kishambaa safi ambacho siku hizi hamkisikii tena, akitumaini aibu itanitoa. Aibu ilikuwepo. Nilijilazia nayo. Jua lilipoanza kuinama, ikabidi achague, na kwa mwanamke wa malezi yake hapakuwa na la kuchagua. Alikamata kuku wake, akabeba sufuria na msahafu wa marehemu, akapanda kwa shemeji yangu. Jirani yake wa kwanza alipomwona amejitwika vyombo hakuuliza sababu. Alianza kufunga vyake. Bi Zuhura hahami kwa mchezo, walisema, na waliojua kwamba kilichomhamisha ni soksi zangu walihama vilevile, ili wasibaki peke yao. Mwenyekiti naye akapata ujasiri, akaanza kutangaza kwamba alikuwa amesema tangu mwanzo.

Mimi nilitoka wa mwisho. Godoro nililiacha limetandikwa. Siku zilizofuata mama alishuka mara kadhaa kuangalia nyumba yake, akitaka kurudi. Anafika mlangoni, analiona godoro la mkwe limelala katikati ya sebule, anageuka. Kuligusa hawezi. Kumtuma mtu aliguse ni kutangaza kwamba lipo. Imamu aliniita akanigombeza kwamba nimemdhalilisha mzazi, nikakubali yote, nikamwomba aniombee dua, lakini godoro sikulitoa.

Jiwe lilishuka alasiri moja, mvua imenyesha siku nzima bila kupumzika. Nyoka alitoa vipimo vya ajabu, kisha akanyamaza. Tulisikia mlio, tukatoka, tuta likawa limekatika na jiwe halipo mahali pake. Lilikuwa limepita jikoni kwa mama mkwe wangu, likabomoa ukuta, likaketi sebuleni. Lipo palepale mpaka sasa, limetulia, na sina shaka kuna mtu ameshaliapia upya. Nyumba tano zilifunikwa na udongo. Hazikuwa na mtu.

Baadaye mradi ulitengeneza bango zuri. Limebandikwa ofisini, lina mchoro wa nyoka, mistari ya rangi, na maneno makubwa kwamba teknolojia ya kisasa imeokoa kaya. Lameck amepanda cheo, anastahili. Siku hizi anawalazimisha watu wake kupita na levo kila mara, na wanamchukia, jambo linalonifurahisha sana. Wale vijana wangu wawili walikuwa wameliona bango; ndilo lililowaleta kwangu. Walitaka kujua ni kihisi cha aina gani kilichookoa watu.

Bi Zuhura hakunisemesha muda mrefu, hata kwa kupitia mtu. Nikifika alipo, anahamia chumba cha pili. Sikumlaumu; nilikuwa nimemvua nguo mbele ya kitongoji kizima, na nyumba yake imekwenda. Viazi vilipovunwa, pikapu ya Lukozi ilisimama mbele ya nyumba yangu, dereva akashusha godoro jipya la sufi, zito, la kushonwa kwa mkono, la kitambaa cha mistari. Mwanaidi ndiye aliyekuwa na ujumbe, na aliutoa akiwa ameangalia pembeni, vilevile alivyoupokea.

"Mama anasema hili ni la kwako. Ulilalie kwako."